Mgeni wa Siku ya Tatu

Tartu, Februari. Theluji imefika ukingo wa dirisha la maabara,
mto Emajõgi umeganda, watu wanaukata kwa miguu
kwenda kununua mkate.
Mimi niko sakafuni, kadi mapajani:
kadi ya michoro, feni tatu, vumbi la miaka miwili ya vita vya kubuni.
Nimeinunua kwa Rasmus, mtoto wa kaka yangu,
aliyehesabu noti mara mbili kisha akauliza,
"Shangazi, utacheza nini?"

Kupe, nikamjibu. Nitacheza kupe.

Protini moja ya mate yake,
jinsi inavyojikunja majini, atomu laki mbili,
kila moja ikimsukuma jirani.
Kwa kichakataji tulichonacho, miezi saba.
Kwa kadi hii, wanasema, siku nne.

Tatizo ni nyumba.
Mashine yetu haisemi Linux. Endel aliipa mfumo wa kale,
mkaidi, msafi kama jiko la mjane,
haujaanguka tangu nilipokuwa na nywele ndefu.
Alipostaafu aliniachia daftari la penseli.
Ukurasa wa kwanza: *Usifute usichokijua.*
Wa pili: *Ukikijua, ngoja kesho.*

Na programu ya kupe imezaliwa Linux, imelelewa Linux,
haijui hata kuomba maji kwa lugha nyingine.
Basi nikaweka tabaka la katikati, mkalimani asiyelala:
programu ikisema "fungua", anageuka,
ananong'ona kwa lahaja ya humu,
anarudi na jibu, uso mkavu.
Ikiuliza, "Hapa ni Linux?" anasema ndiyo.
Ikiuliza, "Toleo la ngapi?" anataja nambari
niliyomwandikia mimi.
Sikujua ningekuja kughushi vyeti uzeeni.

Siku ya kwanza: *Maktaba haikuonekana.*
Ipo. Naiona. Nimeiweka mwenyewe saa tatu asubuhi.
*Maktaba haikuonekana.*
Nikatoka nje nikaipiga theluji teke.

Siku ya pili maktaba imeonekana, kadi haikuonekana.
Kiendeshi na maktaba yake vimepishana tarakimu moja,
moja tu, baada ya nukta ya pili,
kama majirani walionuniana kwa sababu ya kuku.
Nikavifuta vyote viwili. Sikungoja kesho.
Nikaviweka upya, vikapatana, na kadi bado haipo.
Usiku nikampigia Endel. Alikuwa anamenya viazi,
nilisikia kisu.
"Umemfungulia saraka ya vifaa?"
Nani?
"Mgeni wako. Ataonaje kitu kilicho nyuma ya mlango?"
Sikuwa nimemfungulia.
Kisu kikaendelea.

Baba alikuwa bwana misitu kule Võru.
Juni moja alichomoa kupe nyuma ya goti,
akamtupa motoni, akarudi kwenye shoka.
Sasa mkono wa kushoto anaubeba kwa ule wa kulia
kama kitu alichookota njiani, akimtafuta mwenyewe.
Hajawahi kuniuliza nafanya kazi gani.
Huuliza tu kama kuna joto.

Siku ya tatu mgeni hupewa jembe.
Saa kumi na moja alfajiri feni zikavuma zote,
kwanza kwa kusitasita, halafu kama zinagombana.
Hatua elfu. Hatua elfu kumi. Digrii sabini na mbili.
Nikavua viatu, nikasogeza miguu kwenye tundu la nyuma,
hewa ya moto ikapita kati ya vidole.

Humo ndani programu inauliza, inajibiwa, inauliza.
Inadhani iko kwao.
Majibu ni ya kweli, ila anayejibu siye.
Nimetafuta kosa langu katika hilo, sijalipata,
wala sijaacha kulitafuta.

Baba alipiga saa mbili, kabla ya chai.
"Kuna joto huko?"
Lipo, nikasema, na kwa mara ya kwanza
sikuwa nikizungumzia chumba.
Atomu laki mbili. Protini bado imenyooka kama uzi.
Nikatafuta penseli.